Glovu za Karne Nyingine

Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijanywa chai, huwa naipaka mafuta kofia ya chuma ya marehemu kaka yangu Edson. Kitambaa laini, mafuta kidogo, nazungusha polepole kuanzia kwenye paji mpaka shingoni, kama mtu anayempaka mtoto aliyetoka kuoga. Kisha deraya ya kifuani, kisha vyuma vya mabega. Vyote vimevalishwa stendi ya mbao sebuleni kwangu, Woodbury, huku ughaibuni, kimo kilekile cha Edson. Hita ikiwaka, chuma kinapata joto na kulia: tik, tik. Ni miaka miwili sasa, na kikilia bado najikuta naitika.

"Abee, kaka."

Jumamosi hiyo kulikuwa na kitu cha ziada. Gitonga, mchumba wangu, alikuwa ameniachia koti la Edson jana yake jioni. Ni koti nene lililojazwa pamba, linalovaliwa chini ya deraya ili ukipigwa na upanga mbavu zisivunjike. Nilimshonea mimi, kwa mkono, miezi mitano, kwa uzi wa kitani, kwa sababu kikundi chao cha kuigiza mapigano ya kale ya Ulaya hakikubali mshono wa mashine. Kamba moja ya kifuani ilikuwa imelegea. Nikatunga uzi, nikaligeuza koti.

Sindano haikufika popote.

Chini ya kwapa la kushoto, mishono ilikuwa imelalia kulia.

Mimi ni mashoto. Bibi yangu Bukoba alinifunga mkono kwa kitambaa ili nijifunze kula kwa mkono wa kulia, akashindwa. Mishono yangu yote hulalia kushoto. Hii ilikuwa ya mtu mwingine. Ilitoka mwisho wa mkono wa koti, ikapanda mpaka kwapani, ikashuka ubavuni hadi kwenye pindo, imenyooka. Koti halichaniki hivyo. Koti hukatwa hivyo, kwa mkasi, na watu wenye haraka.

Nafanya kazi maabara ya hospitali. Najua ni wapi nguo za watu hukatwa hivyo.

Nikampigia Gitonga.

"Babe, umeamka mapema," alisema. Nilisikia waipa za gari lake zikifuta theluji ya Aprili.

"Siku ile Edson alipofariki, koti hili lilikuwa wapi?"

"Si nilikuambia? Kwa store ya club, huko Anoka."

"Nani amelishona upya?"

Waipa zilikwenda na kurudi mara nne.

"Nakuja," alisema.

* * *

Gitonga ni Mmeru, ni nesi, na alikuwa rafiki wa Edson kabla hajawa wangu. Walikutana kazini, wakaingia wote wawili kwenye kikundi hicho. Siku ya kwanza mtu mmoja aliuliza kama ni halisi kwa Mwafrika kuvaa deraya ya Ulaya. Harrison, seremala mstaafu ambaye ndiye mkaguzi wao, alimjibu, "Mshono wa koti la Edson ni halisi kuliko wako. Kavue hizo raba." Nilipoambiwa, nilicheka peke yangu jikoni. Mshono ulikuwa wangu.

Kikundi kina desturi. Kila mwaka, kabla ya msimu kuanza, Harrison anaita majina na kukagua kila kitu: uzi, ngozi, vifungo. Mwenzao akifa, jina lake linaitwa katika kaguzi mbili na hakuna anayeitika. Mara ya tatu, anayerithi vyuma vyake ndiye anayeitika, na lazima aseme mbele ya wote jinsi marehemu alivyoviacha.

Ukaguzi wa tatu ulikuwa Jumamosi inayofuata. Gitonga ndiye angeitika. Kisha Agosti tungefunga ndoa. Mama, kule Bukoba, alishakubali posa na kuchagua rangi ya magauni.

Aliingia bila kuvua viatu. Hajawahi kufanya hivyo. Akaketi kiti cha mbali na stendi.

"Umeona," alisema.

"Nimeona. Kaa karibu, sikusikii."

"Siwezi kukaa karibu na yeye."

Hita ikawaka. Tik, tik. Wote wawili tuliruka.

"Doris, siku ile gari lake lilipoteleza, Edson hakuwa anaenda dukani kama nilivyowaambia."

Niliichomeka sindano kwenye koti.

"Ilikuwa siku ya ukaguzi, ule wa kwanza alioitwa asiitike. Mimi nilikuwa Anoka. Nikafungua begi, glovu zangu za chuma hazimo. Nilikuwa nimezisahau hapa kwenu, nilikuja jana yake jioni nikaziacha juu ya friji. Nikampigia. Alikuwa ametoka shift ya usiku. Nikamwambia, buda, niokolee, bila glovu sipiti."

"Hakukuwa na glovu za kuazima?"

Swali lilinitoka tu. Gitonga alifunika uso.

"Zilikuwepo."

"Zilikuwepo?"

"Kwa boksi la club. Nzima. Zinanitosha." Alifunua uso. "Lakini zilikuwa za karne ya kumi na tano, Doris. Sisi tunavaa ya kumi na nne. Nikaona aibu kusimama mbele ya Harrison na glovu za karne nyingine. Miaka mia moja! Nani angejua? Mtu kama ishirini pale bandani ndio wangejua. Na mimi nikamtoa mtu kitandani kwa barafu."

Nilitazama koti mapajani mwangu.

"Alilivaa kwa sababu heater ya gari ilikuwa imekufa," aliendelea. "Nilifika emergency kabla yako, namba yangu ndiyo ilikuwa ya mwisho kumpigia kwa simu yake. Wakanipa mfuko wa nguo. Nikaona koti limekatwa. Nikasema mamako na wewe msilione hivi. Nikaliosha. Nikanunua uzi ule wako. Nilikuwa naangalia mshono wako mmoja, naweka wangu mmoja. Nilimaliza baada ya wiki saba."

"Mimi ni mashoto, Gitonga."

"Najua. Kila siku nakuona ukikata vitunguu. Na sikuwahi kufikiria."

"Sasa kwa nini umeniletea?"

"Harrison anataka kila kitu kikamilike. Lakini ningeweza kufunga hiyo kamba mwenyewe." Alivuta pumzi. "Labda nilichoka kuwa peke yangu nalo. Sema kitu, mpenzi. Nitukane. Nipige na hiyo kofia."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jambo la kumwambia, tena kubwa kuliko lake. Likatoka neno jingine.

"Nenda," nilisema.

"Doris..."

"Nenda, Gitonga."

Alisimama. Mlangoni aligeuka, akaitazama stendi, si mimi.

"Pole, Eddie," alisema, akatoka.

* * *

Sasa niseme ambacho sikumwambia.

Kwenye droo ya chini ya kabati langu kuna simu ya zamani, kioo kimepasuka. Ndani yake kuna ujumbe wa siku ile, saa moja na dakika kumi asubuhi. Nilikuwa kazini.

"Dogo, Gitonga kasahau glovu zake hapa. Ndio kwanza natoka kazini, macho hayafunguki. Nimpelekee au nilale?"

Na jibu langu:

"Nenda kaka, mpelekee. Mwenzio kajiandaa mwaka mzima."

Wakati ule Gitonga hakujua kama nina macho. Lakini mimi nilikuwa nampenda kimyakimya, na nilitaka apigane akiwa amependeza. Ndiyo maana niliandika "nenda".

Msibani mjomba aliuliza, "Edson alikuwa anaelekea wapi?" Gitonga akajibu, "Dukani." Duka gani liko njia ya Anoka, saa mbili asubuhi, wakati Woodbury maduka yamejaa? Nilijua ni uongo. Nikatazama sakafuni na kuuacha upite, kwa sababu ulinifunika na mimi. Nikadhani anaficha tu kwamba Edson alikuwa anampelekea glovu. Sikujua alikuwa na mkasi, uzi na wiki saba.

Kila kofia ilipolia sebuleni, nilijua inauliza nini. Ningesema, ningempoteza Gitonga. Nisingesema, ningeolewa na mtu anayejiona muuaji, nami namtazama tu.

Jumatano Nkirote alinipigia. Ni binamu yake Gitonga, anaishi Bloomington, na hajawahi kunong'ona maishani.

"Wewe Doris! Umemfanya nini huyu mtu? Amekaa kwa couch yangu siku nne, anakula cereal kavu kama mbuzi."

"Amekuambia nini?"

"Hasemi! Ati Saturday anaenda kukataa kurithi zile sufuria za ndugu yako, halafu anatafuta kazi Texas. Texas, Doris! Kule kuna joto, atapikwa ndani ya hizo nguo."

Nilicheka, kisha nikalia.

"Aki usilie. Unampenda ama humpendi?"

"Nampenda."

"Na umemwambia aende?"

"Ndiyo."

"Basi nyinyi wawili mmezoea vyuma mpaka mmevaa kwa mdomo. Saturday nakupitia saa tatu. Na usiniambie tena nifiche thermos yangu ya chai. Karne gani hiyo watu wanaishi bila chai? Hiyo si karne, hiyo ni mateso."

* * *

Banda la Anoka lina baridi kuliko nje. Watu walikuwa wamepanga mstari, vyuma vikigongana kila mtu alipopumua. Mimi huwa nasimama nyuma karibu na mlango. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunisikia nikisema zaidi ya hello. Nilikuwa nimekumbatia kofia ya Edson. Koti lilikuwa kwenye begi, na simu mfukoni.

Gitonga alisimama mwisho wa mstari. Hakuvaa deraya. Alivaa jaketi la kawaida, na mikononi glovu za chuma nisizozijua. Watu walizitazama, wakatazamana.

Harrison aliita majina. Kila mmoja aliitika, akakaguliwa, akapita. Kisha akavua miwani.

"Edson."

Niliweka kofia kwenye benchi mbele yake, nikarudi mlangoni. Nilisubiri sauti ya kaka yangu kama mjinga.

"Nipo kwa niaba yake," alisema Gitonga.

"Sema alivyoviacha," alisema Harrison. "Lakini kwanza, kijana, hizo glovu si za wakati wetu."

"Najua. Ni za boksi la hapa. Zilikuwa humu siku aliyokufa."

Akasimulia yote, kwa Kiingereza chake cha polepole: simu, friji, barafu, aibu ya miaka mia moja. Aliposema "niliwadanganya, hakuwa anaenda dukani," mtu mmoja mstarini alivua kofia. Wengine wakafuata. Harrison alishika meza.

"Kwa ajili ya ukaguzi wangu," alinong'ona.

"Hapana, mzee. Kwa ajili yangu." Gitonga akavua zile glovu, akazipanga kando ya kofia. "Sistahili kurithi. Vibaki kwa dada yake."

Akaanza kuelekea mlangoni. Kwangu. Macho chini. Alipita karibu nami kiasi cha kunisikia nikihema.

Nkirote, kando yangu, alinikanyaga mguu.

"Gitonga," nilisema.

Alisimama. Nilijaribu kuanza kwa Kiingereza ili wote wasikie, kikanishinda. Nikatoa simu na kumsomea kwa Kiswahili, mbele ya watu ishirini waliovaa chuma ambao hawakuelewa neno. Nilisoma ujumbe wa Edson. Nikasoma na jibu langu.

Juu ya benchi, jua lilikuwa limeingia dirishani na kuigusa kofia. Tik.

"Rudia," alisema Gitonga.

"'Nenda kaka, mpelekee.'"

"Ulikuwa unajua? Miaka miwili?"

"Nilijua."

"Nilikuwa naamka najiosha mikono, Doris. Ukaniacha nibebe peke yangu?"

"Ndiyo. Wewe ulificha ili nisiumie. Mimi nilificha ili nisikupoteze. Yangu ni mbaya zaidi."

Hakukana. Nilitaka akane, hakukana. Aliweka mkono kwenye komeo la mlango, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi vidole vyake vilivyo na makovu madogomadogo, alama za sindano za mtu asiyejua kushona.

"Kwa nini unaniambia leo?" aliuliza. "Nilishaondoka. Wewe mwenyewe uliniambia."

Nkirote alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani akaufunga.

Nilitoa koti kwenye begi. Nililigeuza, nikamwonyesha ubavuni. Sikuwa nimeifumua mishono yake. Pembeni ya kila mmoja wake uliolalia kulia nilikuwa nimepitisha wangu mmoja uliolalia kushoto, kila usiku wa wiki ile, mpaka kwenye pindo. Ilikutana kama vidole.

Aliitazama mpaka kwenye pindo. Mkono wake ulikuwa bado kwenye komeo, lakini ulikuwa umelegea.

Huwa sauti yangu hainifiki hata mimi. Siku hiyo ilifika mpaka kwa Harrison.

"Nilipomwambia Edson nenda, nilimaanisha aende, na nitaishi nalo. Nilipokuambia wewe nenda, nilimaanisha ubaki."