Usiniguse, Mtu wa Ngazi

"Usiniguse!"

Sindano alikuwa amelala chali kwenye benchi, chuma kimemkalia kifuani, mikono inamtetemeka na pumzi inakata. Nyuma ya kichwa chake alisimama Fundi, mwanamume aliyekuwa aje kwao Jumamosi kujitambulisha kwa baba yake. Viganja vyake vilishafika chini ya chuma.

"Sindano, kitakuumiza. Acha nikitoe."

"Nimesema usiniguse! Bora kinivunje mbavu kuliko kushikiwa na mtu wa Ngazi!"

Jimu nzima ikageuka kutazama. Fundi akarudisha mikono yake ghafla, kama mtu aliyegusa pasi ya moto. Kocha, mwenye jimu, ndiye aliyekuja mbio akakinyanyua kile chuma, huku akimfokea Sindano kwamba amejipakia uzito wa watu wawili.

Sindano akaketi, akakohoa, akafuta macho kwa kiwiko.

"Nakuuliza swali moja tu," akamwambia Fundi mbele ya watu wote. "Habari za baba yangu ulizisema au hukuzisema?"

"Nilizisema. Lakini nisikilize..."

"Basi, nimesikia! Watu wa chama cha Ngazi ndivyo mlivyo, hampandi mpaka mkanyage migongo ya wenzenu. Jumamosi usije. Wala Jumamosi nyingine yoyote."

Akachukua taulo lake akatoka. Fundi akabaki anaitazama mikono yake.

Mapenzi haya hayakuanza kwa matusi, nisije nikawasingizia. Yalianza kwa vicheko, humo humo kwa Kocha, kwenye kile chumba kirefu chenye bati linalovuja na kioo kilichopasuka pembeni. Ukutani Kocha alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: SIASA IACHE NJE. UKIISEMA, PUSHAPU MPAKA NISEME BASI. Aliandika hivyo baada ya wanachama wake kurushiana chupa za maji kwa ajili ya vyama. Mtaa ule ulikuwa umegawanyika, huku chama cha Ngazi, kule chama cha Birika, na mtu alikuwa radhi ugombane na mkewe kuliko umgusie chama chake.

Sindano alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwembamba, mkali, ndiyo maana wakampa jina hilo. Baba yake alikuwa anagombea udiwani kwa tiketi ya Birika. Fundi alikuwa mchomeleaji vyuma, Ngazi damudamu, na nusu ya vyuma vya jimu ile alivichomelea yeye. Basi kila asubuhi Sindano akiingia, Fundi alikuwa anapaaza sauti:

"Jamani, Birika linavuja!"

"Siasa hiyo! Chini!" Kocha anaamrisha.

Fundi anashuka, tena anachagua pa kushukia, pale pale miguuni pa Sindano.

"Nihesabie, mrembo."

"Mimi sihesabu watu wa Ngazi."

"Basi nitakaa huku chini mpaka uchaguzi upite."

Kocha naye, mnafiki mkubwa yule, alikuwa anajifanya amesahau kusema basi. Sindano anacheka mpaka anashika mbavu. Siku moja akajikuta anahesabu kweli. Siku nyingine akajikuta anamsubiri.

Kwenye jimu, anayelala chini ya chuma lazima awe na mtu wa kumshikia. Mtu huyo anasimama nyuma ya kichwa chako, na nguvu zikikuishia yeye ndiye anayekuokoa. Sindano hakukubali kushikiwa na mwingine yeyote isipokuwa Fundi. Na ilikuwa pale pale kwenye benchi, asubuhi moja, chuma chepesi kilipomshinda kunyanyua, ndipo alipomwaga yaliyomjaa.

"Una nini leo?" Fundi alimuuliza. "Hiki chuma huwa unakichezea."

"Baba anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Kiharusi. Kidogo, lakini ulimi umekuwa mzito, maneno yanamtoka yamekunjamana. Daktari kasema apumzike. Hataki. Anasema akijulikana ni mgonjwa, hakuna atakayempa kura."

"Pole, Sindano wangu."

"Tunajua mimi, yeye na daktari. Sasa na wewe. Nakuomba, Fundi. Wewe ni wa upande ule."

"Hapa mimi sina upande. Limeingia kifuani, halitoki."

Basi baada ya siku chache habari ikazagaa kwenye magrupu yote ya mtaa. Sindano alikuwa kwenye cherehani pale simu ilipolia, ujumbe kutoka kwa shangazi yake:

"Mwanangu, kweli kaka yangu ana kiharusi mnanificha? Nasikia kwa watu baki?"

Chini yake kulikuwa na sauti iliyorekodiwa, na aliyerekodi hakujificha. Alikuwa Kipaza, mwanachama wa jimu mwenye mdomo usio na kifuniko, mshangiliaji wa Ngazi: "Wapigakura, mgombea wa Birika ni mgonjwa! Habari za uhakika, zimetoka jimu!"

Ungekuwa wewe ungemfikiria nani? Kesho yake ndiyo akaenda kujipakia chuma kizito kwa hasira, na mengine mmeyaona.

Jioni yake Fundi alimtumia ujumbe: "Sindano, sikusema kwa ubaya. Nipe nafasi nikueleze, kisha unitukane utakavyo."

Akamjibu: "Waeleze wenzako wa Ngazi." Halafu akamfungia namba.

Uchaguzi ukafika. Baba yake akashindwa vibaya. Sindano akashona sare usiku na mchana asipate kufikiri, na kila alipoinama kukata uzi machozi yakamdondokea kwenye kitambaa. Alimchukia Fundi kwa moyo wake wote, na alimkumbuka kwa moyo huo huo. Ndiyo ubaya wa moyo, haujui kugawa kazi.

Siku moja Kocha akaja dukani na suruali ya mazoezi iliyochanika.

"Kwanza nishonee hii, imeniaibisha mbele za watu. Pili, mbona umehama?"

"Sitaki kuonana na mtu fulani."

"Huyo mtu fulani naye hajarudi tangu siku ile." Kocha akavuta kigoda. "Binti, hivi unajua alisemaje? Ulimuuliza kama alisema. Hukumuuliza alisemaje."

Sindano akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Baada ya mkutano mmoja wa kampeni wa baba yako, siku ambayo wewe hukuwepo, Kipaza alikuja jimu anamwigiza. Anapepesuka, anavuta maneno, 'Ndu-ndugu wananchi.' Anasema mzee kapanda jukwaani amelewa chakari. Watu wanacheka. Wa Ngazi wanacheka, na wa Birika nao wanacheka, usifikiri. Fundi akamwambia, 'Acha.' Kipaza akazidi. Akasema mlevi yule hata binti yake kamlea baa."

"Kipaza kasema hivyo?"

"Kasema. Ndipo Fundi akaruka, akamshika kola. 'Yule mzee si mlevi! Ni mgonjwa! Anasimama na kiharusi chake kuwaombea nyinyi barabara, nyinyi mnamcheka!' Maneno yalimponyoka. Nilimwona uso ulivyobadilika alipojua amesema nini."

"Akafanyaje?"

"Alishuka chini mwenyewe. Sikumwamrisha. Akapiga pushapu huku analia, mpaka mikono ikamkataa akaangukia uso. Nilimwambia basi, hakunisikia. Kipaza tayari alikuwa nje anarekodi."

Sindano akanyanyuka kwenye cherehani. Suruali ya Kocha akaikunja vizuri, akaikunjua, akaikunja tena.

Alimkuta baba yake barazani nyumbani, blanketi magotini, kikombe kimeshikwa kwa mikono miwili.

"Baba, ulikuwa unajua kwamba walikuwa wanakuita mlevi?"

"Nilijua." Maneno yalitoka polepole, moja moja. "Hata wenzangu wa Birika walijua. Nikawaambia wakanushe. Wakaniambia, 'Mzee, acha hivyo hivyo. Mlevi anapata kura kuliko mgonjwa.'"

"Nao wakanyamaza?"

"Wakanyamaza. Mimi, mwanangu, ambaye pombe sijawahi hata kuonja." Akatikisa kichwa. "Nilikuja kusikia kuna kijana mmoja alinitetea. Wa Ngazi, wanasema. Nimetamani nimpe mkono. Unamfahamu?"

"Alikuwa aje hapa Jumamosi ile, Baba."

"Alikuwa?"

Sindano akaangua kilio, akauficha uso kwenye blanketi la baba yake. Mzee akamshika kichwa kwa mkono mmoja.

"Basi usililie kwangu. Mimi sina dawa yake. Mfuate mwenyewe."

Sindano akamfungulia Fundi namba, akapiga. Simu ikaita mpaka karibu kukatika.

"Haloo."

"Fundi, ni mimi. Uko wapi?"

"Karakana. Kama unakuja, njoo sasa. Naondoka leo."

Alimkuta anafunga vifaa vyake kwenye sanduku la bati. Alikuwa amepata kazi ya kujenga daraja, mbali, safari ya siku nzima na zaidi. Sindano akasimama mlangoni, hajui mikono aiweke wapi.

"Kocha ameniambia. Nisamehe, Fundi. Nimekosa."

"Nimeshakusamehe. Na mimi nimekosa. Nilikuahidi halitoki, likatoka. Niombee radhi kwa baba yako."

"Baba anataka kukupa mkono. Njoo Jumamosi. Njoo hata leo."

Fundi akakaa juu ya sanduku. Macho yalikuwa mekundu, na safari hii si kwa moto wa kuchomelea.

"Sindano, ungenifukuza kwa kuvunja ahadi, ningelala mlangoni kwenu mpaka ufungue. Kosa ni langu, ningelilipa. Lakini hukunifukuza kwa hilo. Ulinifukuza kwa Ngazi."

"Nilikuwa na hasira! Mtu akiwa na hasira anasema chochote!"

"Mtu akiwa na hasira, ndiyo. Wewe ulikuwa chini ya chuma. Pumzi ilikuwa inakata, umebakiwa na moja, na hiyo moja ukaitumia kunikataa." Akaitazama mikono yake. "Mikono ilikuwa imeshafika. Ulikuwa radhi uvunjike. Kila nikifumba macho naisikia, mtu wa Ngazi. Miezi yote ile nilidhani mimi ni Fundi kwako."

"Ulikuwa Fundi. Wewe ni Fundi wangu. Nakupenda."

"Hata mimi nakupenda. Ndiyo maana naenda mbali, ningekuwa sikupendi ningebaki."

Akanyanyuka, akamkumbatia kwa nguvu na kwa muda mrefu. Kisha akainua sanduku lake, akapita.

Asubuhi iliyofuata Sindano akaenda jimu. Watu walimsalimu kwa sauti ya chini. Kipaza alipomwona akachukua begi lake akatoka bila kuaga. Sindano hakugusa chuma chochote. Alikwenda akasimama mbele ya benchi, pale Fundi alipokuwa akipenda kushukia, akavuta pumzi.

"Jamani," akasema, "Birika linavuja."

Hakuna aliyecheka. Akashuka chini, akaanza pushapu, moja baada ya nyingine, machozi yanadondoka sakafuni katikati ya viganja vyake. Mikono ikaanza kumkataa. Akasubiri Kocha aseme basi. Kocha alikuwa amegeukia ukutani, taulo usoni, na hakuweza kulisema.