Kitufe cha Ndiyo

Kila siku, saa sita na dakika saba mchana, binti wa mapokezi katika kliniki ya meno hufunga daftari kubwa la wagonjwa, humimina chai kwenye kifuniko cha chupa, huchomeka kisikilizi kwenye sikio la kushoto ili la kulia libaki likisikiliza mlango, kisha hufungua video moja. Moja tu, ya dakika tatu. Mwalimu wa video hizo haonyeshi uso. Unaona mshale ukitembea kwenye kioo cha kompyuta, na sauti ya kiume isiyo na haraka ikieleza namna ya kutengeneza madirisha ya programu: hapa unaweka sanduku la jina, hapa kitufe, hapa rangi.

Siku hiyo sikio la kushoto lilikuwa likiambiwa, "Usiogope kitufe, hakiumi," pale sikio la kulia liliposikia sauti ileile ikisema, "Samahani dada, jino linaniua."

Aliinua uso. Mabenchi yalikuwa yamejaa, mtoto analia, mzee mmoja anabishana na muuguzi juu ya foleni. Mbele ya kaunta alisimama kijana mrefu, shati la buluu limepigwa pasi vizuri lakini vifungo vimepishana, shavu limevimba kama ameficha ndimu.

"Mbona unaniangalia hivyo? Nimevimba sana?"

"Umevimba," alijibu binti. Akamgeuzia simu.

Kijana akaiona video yake kwenye kioo, akataka kucheka, maumivu yakamkatisha. "Kumbe. Nilidhani anayenitazama ni mama yangu peke yake."

"Tuko mia nne na kumi na mbili," alisema binti, kisha akaona aibu kwa kuijua idadi.

Jino liling'olewa siku hiyo. Kijana akarudi baada ya wiki kuonyesha kidonda, akarudi tena, na tena. Mara ya nne muuguzi, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, alimsimamisha mlangoni.

"Kaka, kidonda kilipona zamani. Wewe huumwi jino. Unaumwa kitu kingine, na daktari wetu hana koleo lake."

Binti akajificha nyuma ya daftari. Kijana akabaki ameshika mlango, masikio yakimchoma.

Lakini kijana alikaa. Kazi ikiisha, walikuwa wakiketi kwenye benchi la wagonjwa, laptopu katikati yao, wakitengeneza dirisha la kuandikisha wagonjwa ili lile daftari lipumzike. Kijana alimwita binti Mapokezi. Naye akamwita Mwalimu.

"Mapokezi, sanduku la jina umeliweka chini ya sanduku la umri. Mgonjwa atajitambulisha kwa miaka?"

"Kwa hapa ndiyo. Tunawaita kwa meno yao. Yule ni Gego la Kulia."

"Na mimi mlikuwa mnaniita nani?"

Binti alitabasamu tu. Ndivyo alivyokuwa: mzaha anauweza, lakini neno linalotoka moyoni humkwama kooni. "Nitakuandikia," ndiyo ilikuwa kauli yake.

Kwa hiyo wakaanza kutumiana madirisha. Asubuhi linafunguka dogo la kijani: *Umekula?* Chini yake vitufe viwili, *Ndiyo* na *Bado*. Ukibonyeza, jibu linaruka hadi kwenye simu ya mwenzako. Binti akibonyeza *Bado*, dakika hiyohiyo simu italia.

"Mpenzi, utaishi kwa chai mpaka lini?"

"Mpaka utakapokuja kunilisha."

"Nipe dakika tatu."

Miezi mitano ikapita hivyo. Kisha Jumanne moja likaja dirisha jeupe, lisilo na pambo: *Nimepata kazi mji wa mbali. Mkataba ni miaka miwili, wanataka jibu Ijumaa. Ukikubali nikuoe, nitabaki hapa. Unakubali?* Chini yake vitufe viwili, *Ndiyo* na *Hapana*.

Binti alikuwa amevaa sare yake nyeupe, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Akabonyeza *Ndiyo*. Dirisha likajifunga.

Asichojua ni kwamba kijana alikiunganisha kwanza kitufe cha *Hapana*, kwa sababu ndilo jibu alilolitegemea. Kile cha *Ndiyo* alikichora, akakipaka rangi, akakiagiza kifunge dirisha, na mstari wa kupeleka jibu akausahau. Hakukijaribu. Aliona haya kujibonyezea ndiyo mwenyewe.

Kijana alingoja siku mbili huku simu yake imenyamaza. Alhamisi akapiga.

"Mapokezi. Uliliona dirisha langu?"

"Nililiona."

Kijana akadhani ameshindwa hata kumbonyezea *Hapana*. Upande wa pili binti alikuwa anatabasamu, akidhani kila kitu kimeshasemwa.

"Basi," alisema kijana polepole, "nimeelewa."

"Sawa," alijibu binti, kwa furaha ambayo simu haikuibeba.

Ijumaa kijana alisaini mkataba. Jumapili ukaja ujumbe: *Nimefika salama. Nakutakia heri na kliniki yako.*

Binti aliusoma amesimama, akaketi, akausoma tena. Aliona amechezewa. Wiki tatu hakuna video, hakuna dirisha. Aliandikisha wagonjwa kwenye programu waliyoitengeneza pamoja.

"Mpigie," alisema muuguzi.

"Nimwambie nini, dada? Nilikubali, akaondoka."

"Mwambie hivyohivyo."

"Siwezi."

Mchana mmoja, chai ikipoa, alifungua tena lile dirisha jeupe. Hakujua anatafuta nini, pengine neno lililomponyoka. Akaingia kwenye msimbo wake, yale maagizo yanayoliendesha, akausoma mstari kwa mstari jinsi alivyofundishwa. *Hapana*: peleka jibu, funga dirisha. *Ndiyo*: funga dirisha. Akashuka hadi chini, akapanda tena. Hapakuwa na kingine.

Alipiga simu palepale, mabenchi yakiwa yamejaa.

"Mapokezi?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyeshtuka.

"Kitufe cha Ndiyo hukukiunganisha."

Akasikia laptopu ikifunguliwa, vidole vikigonga haraka, vikisimama.

"Sikukiunganisha," alisema. Pumzi zilimtoka kama mtu aliyepanda ngazi nyingi. "Ulikibonyeza?"

Binti alianza, "Nitakuandi—"

"Usiandike. Nimeshasaini, mpenzi. Nikivunja mkataba watanishtaki. Hata ukisema sasa, leo siwezi kufanya lolote. Lakini sijawahi kukusikia ukilisema."

Muuguzi alisimama na faili mkononi. Mzee wa benchi la mbele aliacha kulalamika. Binti aliwaona wote wanamtazama, na hakuwa na mahali pa kujificha.

"Nilibonyeza ndiyo," alisema. "Nikafungua tena nikabonyeza, nilione lile neno. Nilitaka ubaki. Nataka uwe mume wangu. Sijui miaka miwili hupitaje mtu akiwa mbali, ninaogopa, lakini nakupenda, na ndivyo nilivyotaka kukuambia."