Busu la Kiazi

Kila Jumamosi Felisa alimsaidia bibi yake kuoka biskuti za kiazi kikuu cha rangi ya zambarau. Kazi yake ilikuwa kuchemsha kiazi kikuu mpaka kilainike, ndipo akimenye na kukiponda. Lakini siku hiyo wenzake walikuwa wakimwita mtoni.

"Umechemsha?" Bibi Basilia aliuliza kutoka uani.

"Nimechemsha, Bibi!"

Muongo! Kiazi kilikuwa kibichi kama kilivyotoka shambani. Alipokuwa akikimenya, kikamponyoka, kikabingirika hadi kwenye kinyesi cha kuku. Kwetu Bohol, kisiwani Ufilipino, kiazi kikuu kikianguka unakibusu na kukiomba radhi. Lakini nani abusu kinyesi? Felisa alikiosha tu, akakikuna kama nazi, akakichanganya na unga na sukari.

Mikono ikaanza kumwasha. Mara mdogo wake, Onyok, akatoka chini ya meza na donge la unga huo mkononi, midomo zambarau.

"Dada, mdomo unachoma," alilia. "Koo linabana."

Midomo ikavimba. Kiazi kimekasirika! Akakinyakua kipande kilichobaki, akakibusu, akakibusu tena. Midomo yake nayo ikawasha!

"Bibi! Onyok anakufa! Kiazi kilianguka, sikukibusu!"

Bibi alikuja mbio, akachungulia bakuli. "Kiazi hiki ulikichemsha?"

Sufuria ilikuwa kavu. Felisa akisema kweli, fimbo. Akinyamaza, atampoteza Onyok.

"Sikukichemsha, Bibi. Nilikudanganya."

Hapo Bibi akajua la kufanya. Alimsukutua Onyok mdomo kwa maji, akambeba mgongoni, wakakimbilia zahanati. Njia nzima Felisa alikuwa akisikiliza kama mdogo wake bado anapumua.

Muuguzi alipoambiwa ni kiazi kibichi, akampa dawa, akakaa naye. Alasiri uvimbe ulipungua. Onyok akafumbua macho, akauliza, "Biskuti zimeiva?"

Felisa alicheka huku analia, midomo imemtokeza kama ya bata.

"Tazama faida ya mabusu!" Bibi alisema. Kisha akamshika mkono. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kiazi hakimdhuru mtu kwa kukosa busu. Wewe ulikinyima moto, na mimi ukaninyima ukweli. Kazi ukiifanya kwa uongo, anayeumia ni mwenzako."

"Nisamehe, Bibi."

"Haya, twende ukachemshe. Na safari hii kikianguka, kioshe, kipike, ndipo ukibusu."