Waya Usiokuwemo Kwenye Ramani

Ilianza Jumanne, saa nane na dakika kumi mchana. Najua saa kwa sababu niliiandika. Mimi huandika kila kitu: mapigo ya moyo ya mama, maji anayokunywa, kilo zake za asubuhi. Nikifunga mlango, hurudi kuusukuma. Mama husema wengine huzaliwa na alama mwilini, mimi nilizaliwa na wasiwasi.

Jua lilikuwa kali, nguo zimeanikwa, jirani anaosha masufuria. Gari letu lilikuwa uani, boneti wazi. Ni gari la zamani lenye umbo la boksi, tulilolinunua likiwa limeshatumika sana baada ya mama kuvunjika nyonga. Mama hawezi kukaa, na figo zake zimekwisha. Mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi, lazima apelekwe kusafishwa damu. Kwa hiyo tulifunga kitanda nyuma, mimi nikawa dereva.

Jumamosi betri ilikufa. Tuliita gari la wagonjwa, likafika kitengo cha kusafishia damu kimeshafungwa. Daktari akaniambia kwenye simu, "Jumatano saa mbili asubuhi, asikose. Akikosa mara mbili mfululizo, maji yatapanda mpaka kwenye mapafu." Jumapili nilifunga betri mpya. Ilikuwa ya tatu ndani ya miezi miwili.

Fundi umeme wa magari mtaani kwetu ni mzee mmoja mfupi anayeitwa Shoti. Hakuna anayejua jina lake jingine. Nilimpa michoro ya nyaya za gari, kurasa kumi na moja, nimezibana kwa pini.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nimeichapisha. Ni ramani ya umeme wa gari hili."

"Loo, msomi." Akagusa pua yake. "Ramani yangu mimi iko hapa. Waya ukiungua nausikia harufu kabla mwenye gari hajashtuka."

Akafungua kichwa cha hasi cha betri, akaweka mita katikati, waya wake mmoja kwenye betri, mwingine kwenye kebo. Ndani ya nyumba mama akakohoa mara moja. Gari lilikuwa limezimwa kabisa, ufunguo uko mfukoni mwangu. Mshale wa mita ulipaswa kulala karibu na sifuri.

Haukulala. Ulipanda, ukashuka. Ukapanda, ukashuka.

"Kuna kitu kinakula moto wa betri," Shoti alisema.

Tukaanza kukitafuta. Nilichomoa fyuzi moja moja, yeye akitazama mita. Ukichomoa fyuzi ya njia yenye tatizo, mshale huanguka. Taa za ndani: hakuna. Redio: hakuna. Honi: hakuna. Fyuzi zote kumi na nne nilizipanga kwenye kitambaa kwa namba zake. Mshale uliendelea vilevile.

Saa tisa kamili niliingia kumpima mama mapigo, kama muuguzi alivyonifundisha. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, sekunde sitini, si thelathini. Yalikuwa sitini na nane. Nikaandika. Nilipotoka, Shoti alikuwa amechuchumaa mbele ya mita, anaguna. Sijui kwa nini nilihesabu mshale unavyopanda. Sekunde sitini.

Sitini na nane.

Kitanda cha mama kiko chini ya dirisha linalotazama uani. Nilipitisha mkono kati ya nondo za dirisha, nikamshika kifundo huku macho yangu yako kwenye mita.

"Mwanangu, mbona unanishika kama polisi?"

"Tulia kidogo, mama."

Mshipa ulisukuma kidole changu, mshale ukapanda. Ukasukuma tena, ukapanda tena. Haukukosea hata pigo moja.

Shoti hakuona nilichokiona. Alikuwa anatafuta spana. "Imebaki altaneta," alisema, na akafanya anachofanya kila fundi mwenye akili kabla ya kuigusa mashine hiyo inayochaji betri. Akatoa na kebo ya chanya ya betri.

Mkono wa mama ukapoa ndani ya vidole vyangu. Ulipoa kama kijiko kilichotolewa kwenye chai.

"Mbona mmeleta usiku mapema?" aliuliza. Jua lilikuwa usoni mwake.

"Rudisha," nikasema.

"Nini?"

"Betri, fundi. Rudisha sasa hivi."

Akarudisha. Mshale ukanyanyuka, na chini ya vidole vyangu mshipa ukanyanyuka nao. Mama akapepesa macho. "Ah," akasema. "Kumekucha."

Nilifungua daftari langu kwenye ukurasa wa Jumatatu. Jumapili usiku nilikuwa nimetoa kebo mwenyewe ili betri mpya isinyonywe. Nilijiona mwerevu, na sikuirudisha hadi Jumanne asubuhi ili fundi apate kupima. Kwenye ukurasa huo, kwa mwandiko wangu safi: *Mama dhaifu sana, hawezi kushika kikombe, sababu haijulikani.*

Kikiikosa betri, kilikula kwa mama.

Nilimweleza Shoti, nikamwonyesha. Hakucheka. Alizunguka hadi nyuma ya gari, akakwangua rangi kwa ukucha, chini yake ikatokea rangi ya kijani. Akaanza kufuta mikono, kidole kwa kidole.

"Gari hili nalijua," akasema kwa sauti ya chini. "Lilikuwa la bwana mmoja aliyekuwa akimpeleka mkewe hospitali. Alikuwa mteja wangu wa betri. Kila mwezi, betri. Siku moja akasema amechoka, gari likae hivyohivyo bila betri."

"Na mkewe?"

"Hakumaliza wiki." Akainama karibu yangu. "Binti, mlishe tu. Usiulize ni nani. Watu wanaishi na mengi majumbani mwao."

Nilipiga hesabu. "Kwa kasi hii betri hii haifiki alfajiri. Ikiisha, atakula nini?"

Shoti alitazama dirisha la mama.

Hapo ndipo woga wangu wa miaka yote ulipogeuka kitu kingine. Nimeogopa mitihani, mende, milango isiyofungwa. Lakini kitu kilichokuwa kinamnywa mama yangu kama soda kilinikasirisha. Nikachukua karatasi zangu. Kwa mujibu wa ramani, kwenye kichwa cha chanya cha betri hukutana nyaya tatu: ya stata, ya altaneta, ya sanduku la fyuzi.

Nikahesabu kwa kidole. Zilikuwa nne.

Wa nne ulijificha chini ya zile nene. Haukufungwa kwa tepu. Ulikuwa umeviringishiwa kitambaa cheupe, kimesokotwa kama utambi, na kilikuwa na uvuguvugu. Niliufuata. Ulipita chini ya zulia la sakafu. Ukapanda ndani ya nguzo ya mlango. Ukaingia juu ya dari. Nikaichana dari kwa bisibisi. Waya ulikuja mpaka juu ya mto wa kitanda cha mama mle garini, ukaishia hapo. Haukuunganishwa na chochote. Ncha yake ilikuwa na unyevu.

Nilifumua kitambaa. Ndani hamkuwa na shaba. Zilikuwa nywele, za mvi, zimesukwa njia tatu.

"Nywele hazipitishi umeme," nikasema. Nilijua hilo tangu sekondari.

"Ziambie hizo nywele," Shoti alinong'ona. Alikuwa ameshafika getini. "Mimi sikati. Ukikata, atarukia aliye karibu."

"Basi niwe karibu mimi. Wewe kaa kwenye mita. Unanisikia?"

Alisita. Kisha akarudi, akakaa kwenye mita. Hilo sitalisahau.

Nilipanda kwenye kitanda cha mama ndani ya gari. Nikakamata ule msuko kwa mkono wa kushoto. Baridi ikaingia kiganjani. Ikafika kiwikoni. Ikafika begani. Ilivuta, taratibu, kama mtoto anayenyonya.

"Mshale umebadilika," Shoti akasema. "Unakimbia."

"Hesabu."

Alihesabu kwa sauti. Mia moja na kumi na mbili. Huo ulikuwa moyo wangu. Mama alikuwa huru.

Nikachukua koleo. Na hapo, juu ya mto, pembeni ya sikio langu la kulia, mama yangu akanong'ona.

"Mwanangu, usikate."

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa na mkwaruzo wake. Lakini kupitia mlango wa nyuma uliokuwa wazi nililiona dirisha, na mama yuko pale, anakunywa maji, ananitazama.

"Mama yangu ana jirani, ana dada, ana mimi," nikasema. "Wewe nani amekualika?"

"Nina kiu."

"Kafe na kiu yako."

Nikabana koleo. Nywele zilikataa. Nikabana tena kwa nguvu zangu zote, meno yangu yakalia. Zikakatika.

"Sifuri," Shoti akasema nje. Kisha kwa sauti ndogo zaidi, "Umelala. Sifuri kabisa."

Tulirudisha fyuzi na kebo, tukaung'oa waya wote na kuuchoma palepale uani. Niliyesimama hadi ukawa jivu ni mimi. Mama alikula, akalala. Nilimpima kila nusu saa. Sitini na nane, sitini na sita, sitini na nane.

Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilizungusha ufunguo. Gari likawaka kwa jaribio la kwanza. Nikazunguka nyuma kufungua mlango ili jirani akija tumpakie mama.

Pembeni ya kitanda kuna kiti cha kukunja, ambacho hatujawahi kukitumia. Kilikuwa kimekunjuliwa. Mkanda wake ulikuwa umefungwa na kukazwa, umejipinda hewani kama unavyojipinda juu ya kifua cha mtu. Kitambaa cha kiti kilikuwa kimebonyea.

Nilibana kifungo cha mkanda kwa vidole gumba viwili mpaka kikaachia.

"Teremka," nikasema.

Nikasimama kando ya mlango. Gari likanyanyuka kwenye springi zake, upana wa kidole, kama linyanyukavyo abiria akishuka. Nikaleta spana, nikafungua boliti nne za kile kiti, nikakibeba mpaka nje ya geti na kukiweka kando ya barabara. Kilikuwa kizito kuliko inavyopasa.

Saa moja na dakika ishirini tuliondoka. Mama alilala akitazama kioo cha mlango wa nyuma.

"Mwanangu," akasema, "yule bibi aliyekaa pale kwenye kiti, hatumchukui?"

"Hapana, mama. Huyo si wetu."

Sikutazama kioo cha kutazamia nyuma. Nikaweka gia ya tatu.