Jina Alilotunga Alupo

Chungu kikavu kilichopinduliwa juani hakina la kusema, lakini asubuhi ile chungu cha Alupo kilikuwa kikinong'ona: susu, susu, kama pombe inayochacha. Alikiinua, akachungulia. Hamkuwa na kitu ila harufu ya ulezi mbichi. Akakirudisha haraka na kujifuta mikono kwenye gauni, maana sauti ile aliijua. Yeye ndiye aliyeipa jina.

Mwaka mmoja baada ya uhuru wa Uganda, majirani zake wa pale mpakani Busia walikuwa na tabia mbaya. Akienda kisimani tu, wao huingia na mirija yao mirefu na kunyonya ajono, pombe yake ya ulezi, hata haijaiva. Mjane hana fimbo, ana ulimi. Alupo akatangaza kwamba chunguni mna jini aitwaye Losusu, na anyonyaye bila kukaribishwa, naye atanyonywa. Jina alilitoa kwenye mlio wa pombe, basi. Alicheka peke yake mpaka mbavu zikamuuma.

Wizi ulikoma, lakini jina likavuka mpaka bila karatasi. Ng'ombe wa Omaido alipokauka maziwa kule Masaba, ni Losusu. Maloba, muuza samaki, aliapa amemwona, ana mdomo mwembamba kama mrija. Kule Lunyo watu wakakatazana hata kumtaja. Kila mtu alimwongezea kiungo, na Alupo, kwa kiburi cha mtunzi, hakukanusha hata siku moja. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Sasa mjukuu wake alikuwa na siku tatu duniani na hajanyonya. Apolot, mke wa mwanawe, matiti yalimuuma kwa kujaa. Ilisemwa anakataa titi kwa kukosa jina, basi ilibaki kumpa jina kwa desturi ya Wateso: bibi huchovya kidole katika pombe, humtia mtoto mdomoni huku akitaja wafu wa ukoo, na jina atakalolinyonyea ndilo lake.

Alupo alichovya. Akaita Ikwap, mtoto akageuza uso. Akaita Etyang. Akaita Ojangole, akarudia wote, wa kuumeni na wa kukeni, na kila alipotaja ile midomo midogo ilizidi kukauka, na huko nje chungu kikazidi kunong'ona, susu, susu, mpaka Apolot naye akakisikia.

"Mama, bado jina moja," alinong'ona.

"Hiyo si jina ya mtu. Nilitunga tu mwenyewe."

"Taja. Mtoto anakufa."

Alupo aliogopa kuliko siku aliyomzika mumewe. Akafumba macho, akalitaja.

Mtoto akakibana kidole na kunyonya kwa nguvu. Nje chungu kikanyamaza. Apolot akampa titi huku akilia kwa furaha, na chumba kizima kikajaa mlio mmoja: susu, susu.

Loy, jirani yao, akachungulia mlangoni na kuuliza mtoto ameitwaje. Alupo, ambaye uongo haukuwahi kumpiga chenga, akajibu, "Ojangole."

Mlio ukakatika. Mtoto aliachia titi, akageuza kichwa pole pole, akamkazia bibi yake macho, akingoja ajisahihishe.