Bugali kwa Kijiko

Kila asubuhi, kabla ya basi la shule kufika, Zoé aliwanywesha mbuzi maji huku mama yake akiwakamua. Walikuwa wageni kwenye shamba hilo nje ya Fort Worth. Zamani waliishi Haltom City, katika nyumba ya kupanga ghorofani, ambako maziwa yalitoka kwenye friji. Kisha mama, Généreuse, akaolewa na Papa Josué, na kwa kina Josué ufugaji ndio maisha.

Mkuu wa shamba alikuwa Koko Bertila, yaani Bibi Bertila, mama yake Josué. Siku ya kumpokea bibi arusi alitangaza mbele ya wageni, "Mu hii nyumba hatusikiake malalamiko. Muke wa kwetu anaamuka wa kwanza, analala wa mwisho." Wageni walicheka. Généreuse hakucheka, aliyachukua maneno yale kuwa sheria.

Kwa hiyo seng'enge ilipomkata kidole akitengeneza ua, alikifunga kitambaa, akavaa glavu na kuendelea na kazi. Zoé aliona.

"Usiambie mutu," mama akamwonya. "Watasema nilizoea maisha ya mujini."

"Lakini Mama, ime-swell sana!"

"Uvimbe utaisha. Nyamaza."

Zoé akanyamaza, ingawa roho ilimuuma. Siku zilivyopita, mama alianza kutetemeka hata juani. Jumapili, baada ya kanisa, bugali ukaandaliwa, na Généreuse akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, wenye glavu, aliuficha chini ya meza.

Koko Bertila aliacha kula. "Bugali na kijiko? Mikono yetu ni michafu?"

"Hapana, mama mukwe. Samahani." Jasho lilimtiririka usoni.

"Nilimwambia Josué, huyu muke wa mujini ana kiburi."

Macho ya mama yalimsihi Zoé anyamaze. Lakini midomo ya mama ilikuwa imepauka, na Zoé akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akasimama, akaushika ule mkono, akaivuta glavu.

Harufu ilitangulia. Kidole kilikuwa cheusi, na mstari mwekundu ulikuwa umepanda hadi kwenye kiwiko.

"Mama ni mugonjwa!" Zoé alilia. "Si kiburi, Koko! Anakuogopa weye!"

Josué alikimbilia ufunguo wa gari.

Hospitalini madaktari walimwokoa Généreuse, lakini kidole walikikata. Koko Bertila alikaa na Zoé kwenye kiti cha ukumbini.

"Alinikataza kusema," Zoé alinong'ona. "Nimemukosea?"

"Hapana, mutoto wangu. Miye ndiye nilimukosea." Koko alijifuta macho. "Nilipoolewa, mimba ilinisumbua. Niliogopa mama mukwe, nikanyamaza, nikalima. Mutoto akafia tumboni. Na bado nikafundisha mama yako kunyamaza." Akamshika Zoé bega. "Mutu akiwa mugonjwa, sema. Hata akikukataza, sema kwa mukubwa. Hiyo si kukosa heshima."

Généreuse aliporudi nyumbani, mbuzi walikuwa wamekwisha kukamuliwa. Koko Bertila ndiye aliyeamka wa kwanza. Alimwekea mkwewe kijiko kando ya sahani, akaketi karibu naye.

"Généreuse, unasikia maumivu?"

Généreuse akamtazama Zoé.

"Ndiyo, mama mukwe," akasema, na machozi yakamtoka. "Inaniuma sana."