Spika Aliyoileta Kaka

Waya haukuwa umechakaa. Fundi aliliona hilo mara tu alipoifungua spika sebuleni kwake, mchana kweupe, chai ikiwa bado ya moto. Waya wa spika hukatika kwa kuchoka, nyuzi zinaachia moja moja mpaka ncha inafumuka. Huu ulikatwa kwa wembe.

"Kaka alisema umekatika wenyewe," alimwambia mkewe.

"Kaka yako na spika wapi na wapi. Unga, tupate pa kupita."

Na amshuku kwa lipi? Kaka ndiye aliyemlea wazazi walipofariki. Angemwambia ruka, Fundi angeuliza tu upande gani. Asubuhi ile alikuja ameikumbatia spika, hakukaa, hata maji hakunywa. Fundi alidhani ni mawazo juu ya binti wa kaka, mtoto wake wa pekee, aliyekauka sauti ghafla akabaki bubu. Madaktari walimchungulia koo mpaka wakachoka wao.

Basi Fundi akachomeka pasi ya kulehemu, akaunganisha waya na koni, ile karatasi ya mbele inayotoa sauti. Moshi uliopanda haukunuka risasi ya kulehemu, ulinuka nywele zinazoungua. Akajipapasa kichwa, akajicheka.

Nyumba ile ilikuwa na mchezo wake, na ukoo mzima uliujua. Spika ikipona, wa kwanza kuisalimia ni Kasuku, binti mkubwa wa Fundi, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hata usingizini mdomo haufungi. Akaja mbio, akainama mbele ya koni.

"Hujambo, spika?"

"Sijambo," spika ikajibu.

Haikuwa imeunganishwa na redio wala umeme. Nyaya zake mbili zilikuwa zinaning'inia mezani. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyetoka kushiba. Kasuku akafungua mdomo acheke, na kicheko hakikutoka, akajaribu tena huku macho yanamtoka na vidole vimeshika koo, mama yake akamdaka na kumtikisa na kumwita, harufu ya nywele ikajaa nyumba mpaka mdogo wa Kasuku akaanza kukohoa kitandani chumbani, na ndipo kicheko cha Kasuku, kile kile cha kukwaruza mwishoni, kikatokea ndani ya spika, kikageuka kilio.

Fundi akampigia kaka yake. Simu ilipopokelewa, nyuma yake kulikuwa na mtoto wa kike anaongea bila kupumua, anaomba uji, anauliza viatu vyake viko wapi.

"Huyo nani?"

"Binti yangu," kaka alinong'ona. "Kapona sasa hivi."

"Ulijua kuna nini humu."

"Jini. Lilisema litamwachia likipata sauti ya mtoto mwingine. Waya niliukata mimi. Nilikuwa namsikia mwanangu analia humo ndani, nikashindwa kuvumilia."

"Na ulijua Kasuku ndiye husalimia."



"Nisamehe, mdogo wangu. Wewe una wawili."

Simu ikakatwa. Fundi aliumia, na hakuumizwa na jini. Jini ni jini, hulijui kwao, halikuahidi kitu. Huyu alimfundisha kufunga kamba za viatu. Alimchagua, akaja kwake asubuhi na salamu mdomoni, akambusu Kasuku kwenye paji la uso kabla ya kuondoka.

"Kasema nini?" mkewe akauliza kwa sauti ya chini, Kasuku kamng'ang'ania shingoni, machozi yanatiririka bila mlio.

Fundi alimtazama. Hata wakati ule, Mungu amsamehe, aliona aibu ya kumwanika kaka yake.

"Amesema hajui lolote."

Koni ya spika ikatikisika polepole.

"Mama," ikasema sauti ya Kasuku, "baba anadanganya. Baba mkubwa kasema nyinyi mna wawili."